Mtaa wa Mkaa kwenye Ukuta wa Bibi

Juma lililopita kijana mmoja alikuwa akipaka rangi mlango wa duka linalotazamana na nyumba yangu hapa Same. Mimi nilikuwa natoka sokoni na kikapu cha nyanya. Harufu ya tapentaini ilinifikia kabla sijamwona yeye wala kopo lake, nikaketi kwenye ngazi za jirani kama mtu aliyepokea habari mbaya. Kijana akaacha brashi akaniuliza, "Shikamoo mama. Unaumwa?" Nikamjibu marahaba, siumwi, endelea na kazi yako. Sikuweza kumweleza. Lakini ninyi wa rika langu, mliozaliwa wakati wa Mwingereza na kulelewa na yeyote aliyekuwa hai, labda mtanielewa nikisema kwamba harufu ile ilinirudisha kwenye jambo ambalo nililielewa vibaya nikiwa mtoto, na ambalo mpaka leo sina hakika kama nimelielewa vizuri. Ni habari ya namna sisi watoto watatu tulivyoponea chupuchupu kutawanywa.

Baba yangu alikuwa fundi wa vibao Tanga. Tulikaa Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa namba, na mtu akikuuliza unakaa wapi unamtajia namba tu, naye anakwenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Duka lililotaka kujulikana lilimwita baba. Aliandika MKATE NA CHAI, aliandika NGUO ZA AINA ZOTE, na kwa ajili ya kinyozi alichora kichwa cha mwanamume aliyechana nywele vizuri kupita mwanamume yeyote niliyewahi kumwona. Nyumba yetu ilinuka tapentaini hata kwenye uji.

Mama alifariki mdogo wetu Nakijwa akiwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa mkubwa, nikiwa darasa la pili, na katikati yetu alikuwapo Elisante, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa shati lililompita magoti bila kaptura. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja mtoto alikuwa analia, uji ulitaka kukorogwa, Elisante ameficha kiatu cha baba, na kengele ya shule ikalia ikanyamaza. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Baada ya hapo sikuisikia tena, ingawa naamini iliendelea kulia.

Kwa hiyo shule yangu ikawa barabara. Baba akiwa na kazi ya karibu tulimfuata wote, Nakijwa mgongoni mwangu, Elisante amebeba kopo la brashi. Jumapili baada ya kanisa baba hakuandika kibao cha mtu. Alichukua ubao wa kasha la chai, akaketi barazani, akachora barabara yetu kwa raha yake mwenyewe.

"Usichore nyumba," aliniambia aliponipa kipande changu cha mkaa. "Nyumba zitakuja zenyewe. Chora nafasi iliyo katikati yake."

Sikuelewa, lakini nilitazama pale alipotazama. Niliona kwamba saa sita mchana barabara ilikuwa nyeupe, na vivuli vyote vimejikunja chini ya mabaraza kama paka. Jioni upande mmoja ulikuwa wa rangi ya chungwa na upande wa pili wa samawati, na mtu aliyevuka alibadilika rangi katikati ya safari bila kujua. Baisikeli ikija kwa mbali ilikuwa mstari mmoja uliosimama, ikikaribia ikaota magurudumu. Muuza kahawa alisikika kwa vikombe vyake kabla hajaonekana, na baba alisema ukimchora lazima uchore na huo mlio. Wanaume waliotoka mashamba ya mkonge walikuja na vumbi jeupe kwenye nyusi, hata vijana wakaonekana wazee. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Ukuta ulisimama, barabara ikalala, na mahali vilipokutana palikuwa na mstari ambao hata mtoto angeweza kuuchora.

Baba alianza kukohoa wakati wa masika, na masika hayakwisha akiwa hai. Walimzika huko huko Tanga, kando ya mama. Kaka yake, ambaye sisi tulimjua kwa jina tu la Baba Mkubwa, alishuka kutoka milima ya Upare kwa gari moshi akiwa amevaa koti zito la mtu mnene kuliko yeye. Alikuta kaburi limeshafunikwa. Alisimama pale muda mrefu, kisha akaja nyumbani akaanza kufunga vitu vyetu.

"Na hizi picha, Baba Mkubwa?" nilimuuliza. Mbao za baba zilikuwa zimeegemea ukuta, barabara nyuma ya barabara.

Alizitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama chombo asichojua matumizi yake. "Mwanangu, tunapanda mlima," alisema. "Nitakubeba wewe au nitabeba mbao?"

Tulimwachia jirani. Tukapanda gari moshi, na asubuhi tukashuka hapa hapa Same, ambapo wakati ule palikuwa na stesheni, maduka machache, na vumbi jekundu. Nilidhani tumefika. Nilitafuta barabara yetu mpya kwa macho, nikaona moja iliyonifaa, yenye baraza na ukanda mwembamba wa kivuli, nikaanza kuipenda. Baba Mkubwa akamweka Nakijwa mabegani akasema, "Haya, twendeni." Tukaipita ile barabara, tukakipita kijiji cha Mwembe, na kuanzia pale ardhi ikasimama wima.

Sijui nielezeje. Mjini nyumba zilikaa ubavu kwa ubavu. Mlimani zilikaa moja juu ya nyingine: migomba ya mtu ilikuwa juu ya paa la mwenzake, na mbuzi alikula majani mahali ambapo mimi niliona ni mbinguni. Njia ilipinda ikakimbilia nyuma ya jiwe kisha ikatokea juu ya kichwa chako. Nilitafuta ule mstari ambapo ukuta hukutana na barabara, sikuupata. Nilimwuliza Baba Mkubwa watu wa huku hulalaje bila kuviringika. Alicheka mpaka Nakijwa akatikisika mabegani.

Bibi, mama yao baba na Baba Mkubwa, alitupokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, mgongo umepinda, anatembea na fimbo ya mvule. Alitushika vichwa mmoja mmoja, akasema maneno mengi ya Kipare ambayo niliyaelewa nusu, kwa sababu baba alitusemesha Kipare tu alipokuwa amekasirika au anasali. Kisha Baba Mkubwa akaenda kwake, mlima wa pili, tukabaki naye.

Siku za kwanza zilikuwa za kuchekwa. Nilitumwa maji, nikafika kijito, nikawauliza wasichana niliowakuta bomba liko wapi.

"Liko wapi nini?"

"Bomba. La maji."

Mmoja aliketi chini kabisa kwa kucheka. "Enyi, mtoto wa Tanga anataka kufunguliwa mlima!" Habari ilinitangulia nyumbani, na kwa majuma mengi watoto wakiniona walizungusha mkono hewani kama wanafungua koki.

Hayo niliyavumilia. Ambalo sikuweza kulivumilia ni Nakijwa. Kila alasiri, ukungu ukianza kushuka kwenye migomba, alilia akisema twende nyumbani. Hakutaja baba. Alitaja mlango. Siku moja, nikiwa sina la kumpa, nilichukua kaa lililozimika jikoni nikauendea ukuta wa Bibi. Nyumba yake ilikuwa imekandikwa vizuri kwa udongo mweupe, na ukuta wa mbele ulikuwa mpana kuliko ubao wowote wa baba. Nikachora nafasi iliyo katikati. Nyumba zikaja zenyewe, mabaraza, mabati, baisikeli, wanawake wa baibui, muuza kahawa na birika lake. Nakijwa akanyamaza. Akaweka kidole kwenye mlango wetu, akakiacha pale.

Kesho yake majirani walianza kuja. Walikuja na visingizio, huyu anaomba moto, yule analeta mboga, lakini wote waliishia ukutani. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wengi aliyependa kuuliza, aliinamisha kichwa huku na huku.

"Hawa wamegombana?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Wanapita tu."

"Wanapitaje bila kusalimiana? Tazama, huyu amempa mwenzake mgongo."

"Mjini watu ni wengi, mama. Ukimsalimia kila mtu hutafika."

"Hutafika wapi? Mbona huyu amesimama?"

"Huyo ni muuza kahawa."

"Haya. Angalau mmoja ana adabu."

Bibi peke yake hakusema kitu. Kila asubuhi, kabla hajakunywa hata maji, alisimama mbele ya ule ukuta akiegemea fimbo, midomo yake ikicheza bila sauti. Mimi nilimchungulia kutoka ndani. Nilijua nimechafua ukuta wa mtu bila ruhusa, na nilijua kwamba Tanga ndiyo iliyomchukulia mwanawe. Niliamini anailaani ile barabara, nyumba kwa nyumba.

Jumapili moja Baba Mkubwa alikuja baada ya ibada. Yeye na Bibi waliketi kwenye vigoda uani, nami nilikuwa mlangoni napukuchua maharage. Walizungumza Kipare cha haraka, cha watu wazima. Nilishika majina tu. Nilisikia Nakijwa, kisha Maore, huko tambarare chini ya Gonja alikoolewa shangazi yetu. Nilisikia Elisante, kisha jina la mlima anakokaa Baba Mkubwa. Halafu nikamwona Baba Mkubwa ananyoosha mkono, anaonyesha ukutani, kwenye barabara yangu, na kutikisa kichwa. Bibi akafuta macho kwa pindo la kanga.

Niliacha maharage nikatoka.

"Baba Mkubwa, mnatugawa?"

Alishtuka. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivi kwa sababu wengi wetu tumezoea kusimulia ndugu wa baba kama wezi. "Hatuwagawi," alisema kwa Kiswahili. "Tunawatunza. Shangazi yako atapanda siku ya soko amchukue mdogo. Elisante nitakaa naye mimi. Wewe utabaki na Bibi kumsaidia."

"Kwa nini tusibaki wote hapa?"

"Mwanangu, mtakula nini hapa?" Akanyoosha tena mkono ule ule, pale pale. "Huoni?"

Niligeuka nikatazama. Niliona barabara, muuza kahawa, na alama ya kidole cha Nakijwa mlangoni kwetu.

"Naona," nilisema. Na kwa kweli niliona. Niliona kwamba maadamu Tanga iko ukutani, sisi tutaonekana watoto wa kupita, watu wasiosalimiana, wasio na mahali. Nani angekubali kuwalisha? Ikifutika, tutakuwa watoto wa nyumba ile. Hayo ndiyo mawazo yangu, wala hakuna aliyenitia.

Nilijaribu maji kwanza. Mkaa ulichuruzika, barabara nzima ikawa wingu jeusi, mbaya kuliko mwanzo. Jirani yule mwenye maswali akapita akaniona. "Mkaa hautoki kwa maji," alisema. "Unakandikwa juu yake. Na udongo wa hapa hauna mshiko. Tope zuri liko kwenye ndiva."

Ndiva nilikuwa nimeiona. Ni bwawa ambalo wazee wa zamani walilizungushia kingo za udongo na mawe juu ya mashamba. Kijito huingia humo likajaa, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mifereji, shamba hadi shamba, kila nyumba kwa zamu yake. Kwangu lilikuwa bwawa tu. Nilichukua kikapu cha Bibi na jembe lililochakaa, nikamwambia Elisante anifuate na kopo, siku ya soko ikiwa ni kesho yake. Bibi alikuwa ametoka na Nakijwa kumwona mgonjwa wa kanisani.

Tulipokuwa njiani baragumu lililia. Sauti yake ilitoka juu, ikazunguka bonde. Watu wakaanza kutoka kila mahali wakiwa na majembe na vikapu, wanaume, wanawake, wasichana walionicheka. Wote walikuwa wakielekea tunakoelekea sisi. Nilidhani wamesikia kuhusu tope langu na wanakwenda kulimaliza. Nikamvuta Elisante tukakimbia.

Kumbe ndiva ilikuwa tupu. Maji yote yalikuwa yamefunguliwa, na chini yake palibaki tope jeusi linalong'aa, limejaa watu mpaka magotini. Walikuwa wakilichimba na kulitupa nje ya kingo huku wakiimba. Wakilitupa! Sikuamini bahati yangu. Mzee mwenye baragumu alikuwa amesimama juu ya ukingo, nikamwendea nikampigia goti.

"Shikamoo babu. Naomba tope."

"Marahaba. Unaomba nini?"

"Tope, babu. Kidogo tu."

Alinitazama mimi, akatazama kikapu, akatazama bwawa zima, akacheka hata baragumu likamponyoka. "Chukua, mjukuu wangu. Chukua lote!"

Nikaingia. Nilijaza kikapu nikakipandisha ukingoni, nikashuka nacho mpaka nyumbani, nikakandika ukuta kwa viganja, nikarudi. Elisante alileta yake kwenye kopo, akimwaga nusu njiani. Nilianza na wanawake wa baibui. Nikafunika baisikeli, mabaraza, mabati. Nilikwenda na kurudi hata sikuhisi mabega. Kila niliporudi ndiva watu walikuwa na neno.

"Huyu mtoto tope anakula?"

"Ni wa nyumba gani?"

"Wa yule aliyekwenda Tanga. Mjukuu wa bibi mwenye fimbo."

"Ehee! Kumbe leo wametoa mtu."

Niliyasikia nisiyaelewe. Jua lilipofika utosini watu walikuwa wakinawa, nami nilikuwa nimebakiza mlango wetu. Nilisimama mbele yake kidogo. Kisha nikaufunika nao.

Bibi alirudi na Nakijwa ukuta ukiwa bado umelowa. Alisimama mbele yake vile vile alivyosimama kila asubuhi, akiegemea fimbo.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Nani, Bibi?"

"Watu."

"Nimewafuta, Bibi. Sasa hatutagawanywa."

Alishuka chini polepole akaketi kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Alisema kwa Kipare, taratibu, ili nielewe. "Sikuwahi kufika kwa mwanangu. Sikujua anakaa mahali gani. Kila asubuhi nilikuwa natembea naye mle. Nilikuwa namtoa mlangoni, tunapita kwa yule mwenye birika, namfikisha kazini. Halafu ndiyo nakunywa maji yangu."

Nilisimama na tope limekauka mpaka kwenye viwiko, sijui nifanye nini na mikono yangu. Basi hakuwa akiilaani. Kama hakuwa akiilaani, kwa nini watoto wanapelekwa? Na kama nimefuta bure, nini kitamzuia shangazi? Nakijwa alikwenda ukutani akatafuta mlango kwa kidole, kidole kikazama.

Siku ya soko shangazi alifika mapema pamoja na Baba Mkubwa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ametoka Maore siku iliyotangulia, akalala njiani kwa ndugu. Alileta kanga mpya ya kumbebea Nakijwa. Kitu kibaya zaidi ni kwamba Nakijwa alimpenda mara moja, akampanda mapajani. Mimi nilikuwa nimefunga kifurushi chake kama nilivyoagizwa. Nilikifunga, nikakifungua, nikakifunga tena vibaya makusudi.

Hapo tukasikia hodi. Ni yule mzee wa baragumu, na wenzake wawili.

"Karibuni," Bibi alisema. "Kuna habari gani?"

"Njema. Tumekuja kusema zamu yenu ya maji. Shamba la marehemu lilikuwa limeachwa kwa sababu halikuwa na mtu wa kutoka kusafisha ndiva. Sasa limepata mtu."

"Mtu gani?" Baba Mkubwa aliuliza. "Hapa yuko mama yangu na watoto. Mimi natoka kwenye ndiva ya kwetu, siwezi kutoka kwenye mbili."

Mzee akaninyooshea kidole. "Huyu. Baragumu lilipolia alikuja na jembe na kikapu, na nduguye nyuma yake na kopo. Alitoa tope mpaka jua la utosi. Wapo wanaume niliowaona wamelala chini ya migomba."

"Huyu ni mtoto!"

"Wewe ulianza ukiwa mkubwa kiasi gani? Si mimi niliyekuvua kwenye tope ukiwa umezama mpaka kiunoni, unamlilia mama yako?"

Wenzake wakacheka, na Bibi naye akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Kisha Elisante, aliyekuwa amejaa fahari, akasema kwa sauti kubwa, "Tulikuwa tunafuta ukuta! Tope letu lote liko hapa!"

Nilitamani ardhi ile iliyosimama wima inimeze. Mzee alisogea ukutani, akaukwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Ni la ndiva hili," alisema.

"Ndiyo, babu," nilijibu.

"Lilitoka ndani ya ndiva?"

"Ndiyo."

"Basi limetoka. Limekwenda wapi si kazi yangu."

Baba Mkubwa alivua kofia akajipepea. Niliona anafikiri. "Na msaragambo mwingine?" aliuliza. "Na ule utakaofuata? Mtoto atakwenda mara moja, achoke, maji yakatwe mahindi yakiwa na maua." Akanigeukia. "Utakwenda?"

Neno msaragambo, yaani kazi ya pamoja inayoitiwa baragumu, lilikuwa geni kwangu wakati ule. Nilidhani ananiuliza kama nitakubali kuukandika ukuta tena na tena, kila itakapohitajika ili Tanga isitokeze. Kwangu yalikuwa masharti magumu, lakini ya haki.

"Nitakwenda kila mara," nilisema. "Mpaka Elisante awe mkubwa."

"Hata mvua?"

"Hata mvua."

Shangazi ndiye aliyemaliza. Alimshusha Nakijwa kutoka mapajani, akasimama akajikung'uta. "Basi nipeni chakula nirudi zangu," alisema. "Maore ni mbali, na huyu ana maji yake." Alimwachia kanga. Bibi alinituma kuwasha moto, na nilipuliza majivu usoni mwangu badala ya kuni, kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Maji yalishuka kwenye shamba la baba asubuhi ya zamu yetu. Tulisimama mferejini sote watatu, yakatupita vifundo vya miguu, baridi kama chuma. Nilimuuliza Bibi kama shangazi atarudi. "Aje kuchukua nini?" alisema, akaendelea kuelekeza maji kwa jembe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni ule ukuta uliotuokoa. Bibi aliponiomba nimchoree tena barabara ya mwanawe nilikataa kwa hofu, nikampa visababu. Alipoomba tena, Nakijwa akiwa tayari anakwenda shule na hakuna aliyemjia, nilijipa moyo nikachora. Haikuwa sawa. Mkono ulikuwa umezoea mambo mengine: barabara ya Ngamiani ilitoka na mteremko, na nyumba za upande mmoja zilikaa juu ya zile za upande wa pili. Na kwa kuwa Bibi aliomba, wote niliwageuza wakatazamana, wanasalimiana. Bibi aliridhika. Alisema sasa mji umetulia.

Ni baadaye sana, nikiwa mama mwenye watoto, nilipoketi kwenye kigoda uani mahali pale pale alipoketi Baba Mkubwa. Nilinyoosha mkono kama alivyonyoosha. Mkono ulipita kona ya nyumba, ukatua kwenye shamba lililo nyuma. Alikuwa akionyesha shamba la baba, ambalo siku ile lilikuwa kavu. Hakuwa hata ameitazama barabara yangu.

Lakini ahadi nilikuwa nimeshaitoa, nami niliishika. Shule sikuirudia, Nakijwa na Elisante walisoma kwa niaba yangu. Baragumu likilia niliacha chochote nilichoshika nikaenda. Kabla ya kazi mzee alikuwa na desturi ya kuita nyumba moja moja kwa jina la mwenye nyumba, na ya kwetu aliiita kwa jina la baba, nami nilijibu tupo. Nilizoea kumjibia baba hivyo, masika na kiangazi. Halafu ikaja asubuhi moja, sikumbuki ilikuwa na tofauti gani na nyingine, ukungu ulikuwepo, baridi ilikuwepo, tumesimama ukingoni na vikapu vyetu. Mzee aliita nyumba ya jirani, akajibiwa. Kisha, pale ambapo huja jina la baba, akataja langu. Nilikuwa bado nasubiri la baba. Akalitaja tena kwa sauti zaidi, na mimi, jembe begani, nikageuka kutazama nyuma yangu nijue anayeitwa ni nani.